Kilio Kisicho na Mkosaji

Mtoto mchanga mwenye afya, aliyenyonya akashiba, aliyebadilishwa nepi na asiye na homa, anaweza kuanza kulia saa kumi na moja jioni asinyamaze hadi saa tatu usiku. Uso humwiva, ngumi hukazana, magoti hukunjwa hadi tumboni, na tumbo lenyewe huwa gumu likiguswa. Kesho yake, saa zilezile, huanza tena. Hali hii, ambayo watu wa pwani huiita chango na wauguzi wengi huiita msokoto wa tumbo, humpata takriban mtoto mmoja kati ya watano katika miezi ya mwanzo ya maisha. Huwapata watoto wa Hima, Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, kama inavyowapata wa Montreal na London. Malaria ina mbu wake na dawa yake. Chango haina kimelea kinachojulikana wala dawa ya hakika. Ndiyo maana huwafikisha wazazi haraka, tena usiku, mbele ya swali ambalo wanateolojia wamelijadili kwa karne nyingi: kiumbe asiye na hatia anateseka kwa nini, na anayemsikia anadaiwa nini?

Tiba imeweza kuitambua hali hii kabla ya kuweza kuieleza. Mwaka 1954 Morris Wessel, daktari wa watoto wa New Haven nchini Marekani, alitoa na wenzake kipimo ambacho bado kinatajwa: kulia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Ni kipimo cha saa, si cha sababu. Mwaka 1962 T. Berry Brazelton, naye wa Marekani, alichapisha matokeo ya shajara ambazo akina mama waliandika kila siku kuhusu vilio vya watoto wao. Ilionekana kwamba watoto wote, hata wale watulivu, hupita njia moja: kilio huongezeka tangu wiki ya pili hivi, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua hadi mwezi wa tatu au wa nne. Mtoto mwenye chango hupita njia hiyohiyo, ila kwa kilio kirefu na kikali zaidi. Baadaye ikaonekana kwamba mtoto njiti hafiki kileleni wiki ya sita tangu azaliwe, bali wiki ya sita tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mama yeyote anayejilaumu, maana linaonyesha kwamba saa ya kilio imo katika ukuaji wa mtoto mwenyewe, wala haikuwekwa na chakula alichokula mama jana.

Kuhusu sababu, dhana ni nyingi na hakuna iliyoshinda nyingine. Gesi tumboni hulaumiwa kila mahali, lakini picha za eksirei za watoto waliokuwa wakilia hazikuonyesha gesi ya kupita kawaida. Sehemu kubwa ya hewa huingia kwa kulia kwenyewe. Watoto wachache hudhuriwa na protini ya maziwa ya ng'ombe. Vijidudu vya utumbo vya watoto wenye chango hutofautiana kiasi na vya wenzao. Akina mama wenye kipandauso wameonekana kuwa na watoto wenye chango mara nyingi zaidi kuliko akina mama wengine, na wanaovuta tumbaku vilevile. Dawa nazo hazina sifa kubwa. Simetikoni, matone yanayouzwa kwa ajili ya gesi, haikushinda dawa bandia isiyo na kitu ndani yake katika majaribio. Daisaiklomini ilipunguza kilio kweli, lakini iliwasimamisha pumzi baadhi ya watoto, ikaachwa kwa walio chini ya miezi sita. Dawa ya maji ya chupa ambayo mfamasia William Woodward aliianzisha Uingereza mwaka 1851, na ambayo bado inasimama kwenye rafu za maduka ya dawa ya Afrika Mashariki, ilikuwa zamani na pombe ndani yake. Si ajabu kwamba watoto walilala. Bakteria mmoja wa jamii ya laktobasilasi ameonyesha nafuu fulani kwa watoto wanaonyonya maziwa ya mama pekee. Zaidi ya hapo, madaktari huwaambia wazazi ukweli ambao ni mgumu kuusikia saa tatu usiku: mtoto wenu ni mzima, na jambo hili litapita.

Akili ya binadamu haivumilii kilio kisicho na mwenyewe. Sababu ikikosekana, mkosaji hutafutwa, na mara nyingi hupatikana karibu.

Kasese ni wilaya ambamo majibu ya aina nyingi hukutana. Hima, kwenye barabara ya kwenda Fort Portal, ni mji wa kiwanda cha saruji. Wakonzo, Watoro, Wasongora, Wakiga na watu waliovuka kutoka Kongo wanapanga vyumba vilivyopakana, na mtoto mmoja akilia, ukuta hauzuii kitu. Bwera iko mwishoni mwa njia, karibu na soko la Mpondwe na mto Lhubiriha, ambako ng'ambo ni Kasindi ya Kongo na biashara hufanywa kwa Kiswahili, Lhukonzo na Kinande. Wakonzo humjua Muumba kwa jina la Nyamuhanga, na mapokeo yao humweka Kithasamba katika theluji za Rwenzori, na Nyabibuya karibu na uzazi na ulinzi wa watoto. Kanisa la Uganda lina dayosisi ya South Rwenzori tangu 1984, Wakatoliki wana jimbo la Kasese tangu 1989, Waadventista wana waumini wengi milimani, na misikiti haikosekani mijini. Mama mmoja mwenye mtoto anayelia huweza kupewa, katika wiki moja, maelezo kutoka pande zote hizi: kwamba kuna mzimu haujaridhika, kwamba jirani ana kijicho, kwamba imani yake ni haba, kwamba maziwa yake ni mepesi au machungu. Mengi ya maelezo hayo hutolewa kwa upendo. Lakini karibu yote humwelekea mama. Hata Tanzania, ambako husemwa kwamba mtoto dhaifu na mlizi amebemendwa, yaani amedhuriwa na mwenendo wa wazazi wake wakati wa kunyonyesha, jicho la watu humtazama mwanamke kwanza.

Kuna lawama inayoishia kwenye maneno, na kuna inayofika kwenye mwili wa mtoto. Magharibi mwa Uganda, mtoto mwenye homa, kuhara au kilio kisichokoma huweza kusemwa kuwa ana ebino, meno ya uongo, ambayo Tanzania huitwa meno ya plastiki. Fizi huchokolewa kwa spoku ya baiskeli au kisu, na vichipukizi vya meno chonge vya mtoto hung'olewa kabla havijaota. Imani jirani, oburo, husema kuna punje za ulezi chini ya ngozi ya kifua, na ngozi huchanjwa ili zitolewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka wilaya ya Bushenyi, kusini mwa mfereji wa Kazinga, uliyachunguza yote mawili na kukuta magonjwa ya kawaida ya utotoni nyuma yake. Matokeo ya uchokoaji huo ni kutokwa damu, pepopunda, sumu ya damu, na watoto waliokufa kwa jambo ambalo lingeisha lenyewe au lingetibiwa kituoni.

Haifai kuwadharau wazazi wanaompeleka mtoto huko, wala kudhani kwamba hawana akili ya kupima mambo. Wamepima, ila kipimo kiliwadanganya. Kilio kinachofika kileleni wiki ya sita kitapungua baada ya hapo kwa vyovyote. Mzazi huchoka wakati wa kilele na huenda kwa mganga wakati wa kilele. Siku kumi baadaye mtoto ana nafuu. Mganga husifiwa, na jirani huelekezwa kwake. Dawa ya chupa hupata sifa yake kwa njia hiyohiyo, na maombi ya kuwekewa mikono pia, yakiuzwa kama dawa. Kila tiba inayotolewa karibu na wiki ya nane huonekana imefaulu. Kwa hiyo ushahidi wa macho, ambao katika mambo mengi ya shamba na soko ni hakimu mzuri, hapa humpoteza hata mtu makini.

Swali la nani amekosa lina ukoo mrefu. Katika Injili ya Yohana, sura ya tisa, wanafunzi wanamwona kipofu wa kuzaliwa na kumwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili, kisha anamhudumia yule mtu. Katekista yeyote wa Kasese anaijua hadithi hii, na inashangaza kwamba haitajwi mara nyingi zaidi penye kitanda cha mtoto mlizi, maana hakuna mahali inaposema wazi kuliko hapo.

Hata hivyo kanisa la magharibi kwa muda mrefu lilimfuata zaidi Mwafrika mmoja aliyejibu vingine. Augustino, aliyezaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354, aliwatazama watoto wachanga kwa makini kuliko wanafalsafa wengi wa kale. Katika kitabu cha kwanza cha Maungamo yake anauliza alikosa nini alipokuwa akililia ziwa, na anaeleza habari za mtoto asiyejua kusema bado, aliyesawijika kwa wivu akimtazama mwenzake akinyonya. Hitimisho lake ni kwamba mtoto hana madhara kwa sababu viungo vyake ni dhaifu, si kwa sababu moyo wake ni safi. Baadaye, katika mabishano na Juliano, askofu wa Eklano, aliyageuza mateso ya watoto kuwa hoja: Mungu ni mwenye haki, watoto wanateseka, kwa hiyo lazima kuna dhambi waliyoirithi, la sivyo mateso yao yangekuwa dhuluma. Juliano alijibu kwamba Mungu anayemwadhibu mtoto kwa kosa la mwingine si mwenye haki hata kidogo. Augustino alikufa mwaka 430 kabla hajamaliza kumjibu. Kwa nguvu ya akili alimshinda Juliano mara nyingi, lakini katika jambo hili Juliano aliona kitu ambacho mwenzake hakukiona: mfumo unaohitaji hatia ya mtoto mchanga ili usimame umelipia usimamaji wake kwa bei mbaya.

Waislamu walilikabili swali hilo bila dhambi ya kurithi. Mtoto huzaliwa katika maumbile safi, na kalamu ya kuandika makosa imeinuliwa kwake hadi abaleghe. Ipo hadithi katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim kwamba kila anayezaliwa huguswa na shetani ndipo akalia, isipokuwa Mariamu na mwanawe. Lakini aliyeguswa hapo ndiye anayedhulumiwa, hakukosa neno. Hivyo tatizo likabaki kali zaidi. Wanateolojia wa madhehebu ya Muutazila walishikilia kwamba Mungu, kwa kuwa ni mwadilifu, atawalipa watoto fidia kwa maumivu yao. Abul Hasan al-Ashari wa Basra, aliyefariki takriban mwaka 936, aliwaacha walimu wake wa Muutazila, na mapokeo yanaeleza kwamba alimkwamisha mwalimu wake al-Jubbai kwa swali la ndugu watatu, mmoja wao akiwa amekufa mtoto: hesabu yoyote ya haki iliyotolewa ilimwacha mmoja wao na malalamiko. Tangu hapo wengi waliona heri kusema kwamba hekima ya Mungu katika jambo hili haipimwi kwa mizani ya sokoni.

Ibn Qayyim al-Jawziyya, mwanachuoni wa Dameski aliyefariki mwaka 1350, alichukua njia ya tatu katika kitabu chake kuhusu hukumu za mtoto mchanga. Aliwatuliza wazazi kwamba kilio kina faida: kinazoeza viungo, kinapanua kifua na matumbo. Hoja hiyo ina asili ya Kiyunani. Aristoteli, katika Siasa, aliwapinga waliotaka watoto wazuiwe kulia, kwa kuwa kulia ni mazoezi ya mwili unaokua. Aliyepingwa ni Plato. Katika Sheria, kitabu chake cha uzeeni, Plato alitaka watoto wachanga wabebwe na kutikiswa taratibu mchana na usiku, ikiwezekana waishi kama walio chomboni baharini. Aliona kwamba mama hamlazi mtoto kwa utulivu na ukimya, humlaza kwa mwendo na wimbo, na akadhani kwamba hofu iliyo ndani ya mtoto hushindwa na mwendo utokao nje. Kant naye, mwaka 1798, alisikia katika kilio cha mtoto hasira ya kiumbe anayetaka uhuru na hawezi kutumia viungo vyake. Kwa yeyote aliyewahi kumshika mtoto mwenye chango, Plato ndiye anayesikika kama mtu aliyewahi kuingia katika chumba hicho.

Utafiti wa siku hizi umempa Plato haki, ingawa si yote. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, mwaka uleule wa kipimo cha Wessel, akatembelea familia katika vijiji vya karibu na Kampala, na kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kikatoka mwaka 1967. Alichokiona kwa akina mama wa Buganda kilimfanya atilie shaka mafundisho ya wakati ule ya Ulaya na Marekani, kwamba mtoto akibembelezwa kila anapolia atadeka. Mwaka 1972, yeye na Silvia Bell walichapisha matokeo kutoka Baltimore: watoto waliojibiwa haraka katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza. Ronald Barr na wenzake walikuta kwamba watoto wa jamii ya Wakung wa Kalahari, ambao walibebwa siku nzima na kunyonya mara nyingi kila saa, walianza kulia mara nyingi sawa na watoto wa nchi tajiri, na kilele chao kilikuwa palepale, lakini jumla ya muda wa kilio ilikuwa kama nusu. Huko Montreal, mwaka 1986, jaribio lilionyesha kuwa kumbeba mtoto kwa muda mrefu zaidi kila siku, hata asipolia, kulipunguza kilio cha wiki ya sita kwa asilimia 43. Jaribio lililofuata, kwa watoto ambao tayari walikuwa na chango, halikuonyesha nafuu hiyo.

Tokeo hili la mwisho ndilo lenye uzito wa kifalsafa. Mbeleko ni njema, na mama wa Bwera anayevuka kwenda Kasindi na mtoto mgongoni anafanya kile ambacho Plato alikipendekeza bila kumsoma. Lakini wapo watoto ambao hubebwa, hutikiswa, huimbiwa, hunyonyeshwa, na bado hulia. Kwa watoto hao kubembeleza si tiba, kama tiba ni kitu kinachoondoa maumivu. Basi ni nini? Jibu linaloonekana kuwa karibu na kweli ni kwamba ni ushirika: mtu mzima anakaa ndani ya mateso ambayo hawezi kuyaondoa, na hamwachi mwenye kuteseka peke yake. Kazi hiyo haidhihiriki kwa mafanikio, na pengine ndiyo sababu wanateolojia wengi hawakuiona kuwa jibu.

Maandiko yenyewe yaliiona. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume Muhammad alikuwa akiingia katika sala akinuia kuirefusha, kisha akasikia mtoto akilia, akaifupisha, kwa kuujua uchungu wa mama yake. Hapaulizwi mtoto analilia nini. Ibada yenyewe inasogea kumpisha, na anayefikiriwa kwanza ni mama aliye nyuma katika safu. Katika makanisa mengi mama wa mtoto mlizi hukaa karibu na mlango ili awahi kutoka asiwasumbue wengine. Kiongozi wa ibada yoyote angefanya vyema kufikiri ni nani anayestahili kusogea.

Habari ya Hajiri inakwenda mbali zaidi, nayo ni mali ya Wakristo na Waislamu pamoja. Katika Mwanzo, sura ya 21, maji yanamwishia jangwani. Anamweka mwanawe chini ya kichaka na kwenda kuketi mbali, kwa sababu hawezi kumtazama akifa. Mungu anaisikia sauti ya kijana, na malaika anamwambia mama ainuke amchukue. Kwa Waislamu, Hajiri anakimbia kati ya Safa na Marwa akitafuta maji, na kila hujaji hadi leo huenda mara saba kati ya vilima hivyo kwa kufuata nyayo za mama mwenye mtoto aliyekuwa akilia kwa kiu. Wafasiri wamezungumza sana juu ya chemchemi. Jambo moja dogo katika Mwanzo lastahili kusemwa zaidi: Hajiri alimweka mtoto chini akaenda kando, na hakuna sauti yoyote katika habari ile inayomkemea kwa hilo.

Akina mama na akina baba wanahitaji kulisikia hili, kwa sababu linaokoa maisha. Kilio kisichokoma huweza kumfikisha mtu mzima, mpole na mwenye upendo, mahali pa kumtikisa mtoto kwa hasira. Ubongo wa mtoto mchanga hauhimili mtikiso huo: mishipa ya damu hukatika ndani ya fuvu, na mtoto hupofuka, hulemaa au hufa. Takwimu za hospitali za Marekani zimeonyesha kwamba visa hivi hupanda na kushuka kwa kufuata mchoro uleule wa kilio, vikichelewa kidogo baada ya kilele cha wiki ya sita. Mzazi anayejisikia kufika hapo afanye kama Hajiri: amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje dakika kadhaa, apumue, amwite mtu. Mtoto aliyelia dakika 10 peke yake kitandani hajaumizwa. Mwenye nyumba, mama mkwe, shangazi, au jirani wa chumba cha pili katika nyumba ya kupanga ya Hima, anayeingia na kusema nipe mimi nimshike kidogo, anatenda jambo la kidini kwa maana kamili ya neno hilo.

Kuwa pamoja na mtoto hakuondoi wajibu wa kujua. Chango ni hukumu inayofikiwa baada ya magonjwa kuondolewa, na mzazi hawezi kuyaondoa kwa imani. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi anapelekwa kituoni siku hiyohiyo, hasa katika wilaya yenye malaria. Vivyo hivyo anayetapika nyongo ya kijani, anayetoa damu kwenye choo, anayekataa kunyonya, anayelegea, anayepumua kwa shida, ambaye utosi wake umevimba au umebonyea, au ambaye kilio chake kimebadilika ghafla. Palipo na dalili hizo, kusema kwamba ni chango tu ni aina nyingine ya kutomsikia mtoto. Pasipo na dalili hizo, mambo salama ni yaleyale ya wakunga wa zamani: kumbeba wima, kumpigapiga mgongoni hadi acheue, kumlaza kifudifudi juu ya mkono huku ameshikwa, kumwogesha maji ya vuguvugu, kutembea naye, kumwimbia kwa sauti ya chini, kupunguza kelele na mwanga. Mama aendelee kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani linataka maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu vya sumu inayopooza misuli. Maji ya mitishamba nayo, hata yatolewayo kwa nia njema, huchukua nafasi ya maziwa katika tumbo dogo.

Wakonzo wana desturi inayogusa swali hili kwa namna isiyotarajiwa. Mtoto hupewa jina kulingana na nafasi yake ya kuzaliwa: Masika ni binti wa kwanza na Biira wa pili, kwa wana wa kiume kuna Bwambale wa pili, Masereka wa tatu, Kule wa nne. Miongoni mwa Wajaluo wa Kenya, kwa kulinganisha, ilikuwa desturi kumtajia mtoto mlizi majina ya waliokufa mmojammoja, na jina ambalo alinyamaza likitajwa likawa lake. Huko kilio ni swali, na kimya ni jibu. Kwa Wakonzo jina hilo haliko mikononi mwa kilio. Lilikuwapo kabla mtoto hajafungua kinywa, na mtoto anayelia miezi mitatu ni Biira sawasawa na vile angekuwa Biira kama angelala vizuri. Nafasi yake katika nyumba haitegemei utulivu wake. Hakuna hoja ya Augustino wala ya al-Jubbai inayompa mtoto kitu cha namna hii.

Linabaki swali la kumbukumbu. Mtoto hatakumbuka chochote cha wiki hizi, na mtu anaweza kusema kwamba mateso yasiyokumbukwa hayana uzito. Historia ya tiba inaonyesha mwisho wa fikra hiyo. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za nchi tajiri, watoto wachanga walipasuliwa wakipewa dawa kidogo sana ya kuzuia maumivu au bila dawa hiyo kabisa, kwa sababu iliaminika kwamba hawasikii maumivu kama watu wazima na kwamba hawatayakumbuka. Mwaka 1987 K. J. S. Anand na wenzake walionyesha kwamba mwili wa mtoto mchanga huyajibu maumivu kwa nguvu, na kwamba waliopewa ganzi ya kutosha walipata nafuu vizuri zaidi baada ya upasuaji. Maumivu ni maumivu saa yanapotokea. Na katika chango yupo anayekumbuka: mama, ambaye baada ya miezi minne ya usiku wa namna hii huweza kubaki na huzuni nzito isiyoonekana na watu, kwa kuwa mtoto sasa anacheka.

Ratiba ya chanjo ya Uganda humrudisha mama kituoni mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kwa bahati tu, tarehe hizo tatu zinalingana na kilele cha kilio, mteremko wake na mwisho wake. Wahudumu wa hospitali za Bwera na Kagando na wa vituo vidogo vya milimani tayari wana mama huyo mbele yao, kadi mkononi, mara tatu. Muuguzi anayempima mtoto uzito na kuona unaongezeka ana neno la kumwambia ambalo hakuna mwingine anayeweza kulisema kwa ushahidi: mtoto ni mzima, na si kosa lako. Na dakika mbili zaidi zinatosha kumwuliza analala saa ngapi, na jioni, kilio kinapoanza, ni nani mwingine anayemshika mtoto. Akijibu kwamba hakuna mtu, basi mchungaji, katekista au imamu wa mtaa wake ana mahali pa kwenda kabla ya wiki ya kumi.